Sura ya Saba: Kumchelewesha Mwizi

Hakuna kufuli lisilofunguka. Anayelitengeneza anajua, anayeliuza anajua, na mwizi anajua kuliko wote wawili. Asiyejua mara nyingi ni mnunuzi, anayetoka dukani akiamini kwamba habari ya wizi imekwisha. Kufuli lina kazi moja tu, nayo ni kumchelewesha mwizi: sekunde tano, dakika moja, dakika tano. Ikiwa katika muda huo atapita mtu wa kumwona na kumuuliza anafanya nini, kufuli limelipa gharama yake. Asipopita mtu, mwizi atamaliza shughuli yake bila haraka, na wewe utarudi ukute alama ya stendi mchangani.

Ndiyo maana sura hii inachanganya chuma na macho. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

Tuanze na chuma tulichonacho. Baiskeli nyingi za miji yetu, Phoenix na ndugu zake wa Kichina na wa Kihindi, hubeba kufuli la duara lililofungwa kwa skrubu kwenye fremu, nyuma, juu ya gurudumu. Ukisukuma kijiti chake, kinapita katikati ya spoku na gurudumu haliwezi kuzunguka. Ufunguo unachomoa, unatia mfukoni, unaingia dukani. Kwa mtu anayeshuka kununua mkate, kufuli hili linatosha kabisa. Waholanzi, ambao nchi yao ina baiskeli nyingi kuliko watu, wanalo karibu kila mahali. Lakini Mholanzi anayeiacha baiskeli yake kituoni kutwa nzima huongeza mnyororo mnene na kuifunga kwenye chuma cha barabarani. Sisi wengi wetu tumebaki na nusu ya kwanza ya desturi hiyo. Tunaegemeza ukutani, tunasukuma kijiti, tunaondoka.

Tatizo ni kwamba kufuli hilo linazuia baiskeli kuendeshwa, halizuii kubebwa. Phoenix ina kilo 20 hivi. Mwenye nguvu huitia begani, wawili huipandisha kwenye guta, na mjanja zaidi hushika keria kwa mkono mmoja, akainua nyuma na kuisukuma kwa gurudumu la mbele huku akilalamika kwa sauti kwamba amepoteza ufunguo. Huyu wa mwisho ndiye wa kuogopa, kwa sababu watu humsaidia. Nimewahi kuwaona vijana wawili wakimsaidia bwana mmoja kubeba baiskeli iliyofungwa hadi kwa fundi, na sina hakika mpaka leo kama ilikuwa yake.

Kwa hiyo baiskeli itakayokaa zaidi ya dakika chache ifungwe kwenye kitu kilichopandwa ardhini. Hapa ndipo miji yetu inapotupa taabu, maana vyuma vya kuegeshea baiskeli ni haba na mtu anajitafutia. Nguzo ya umeme ni nene mno. Inataka mnyororo mrefu. Nguzo ya alama ya barabarani inafaa kama ni ndefu na imekita, lakini itikise kwanza: zipo zilizong'oka zamani na zinasimama kwa mazoea tu, na ikiwa ni fupi, baiskeli itapandishwa na kuvuliwa kwa juu pamoja na kufuli lake. Uzio wa waya haufai, kwa sababu mwizi ataacha kufuli na kukata waya. Mti mchanga vilevile. Kilicho bora katika mitaa mingi ni grili la dirisha la duka au ofisi, lililochomelewa na kuingizwa ukutani, na uzuri wake wa pili ni kwamba huwezi kulitumia bila kumwomba mwenyewe. Nitarudi kwenye habari ya kuomba, maana ina thamani kuliko grili lenyewe.

Sasa kufuli gani? Madukani utaonyeshwa la waya uliosukwa na kufunikwa plastiki ya rangi, limejikunja vizuri, jepesi, la bei nafuu. Usidanganywe na unene wake. Plastiki ndiyo nene. Waya wa ndani ni nyuzi nyembamba, na mkasi wa kukatia nondo huumaliza kwa mbano mmoja. Waya ufanye kazi ya kufunga tandiko au gurudumu la pili, usiachiwe baiskeli nzima.

Mnyororo wa duka la vifaa vya ujenzi ukifungwa kwa kufuli la Tri-Circle au Solex ndio mpango wa wengi, na si mpango mbaya kama vyuma vyenyewe ni vigumu. Chuma laini huliwa na msumeno wa mkono huku mwizi akionekana kama mtu anayetengeneza kitu chake. Chuma kilichokomazwa kwa moto kinautelezesha msumeno. Kupima ni rahisi, wala hakuhitaji kumwamini muuzaji: chukua tupa ndogo, jaribu pembeni pasipoonekana. Tupa ikiuma na kuacha mkwaruzo unaong'aa, chuma ni laini. Ikiteleza, unashika kitu cha maana. Jaribu mnyororo, kisha jaribu na upinde wa kufuli, kwa kuwa mara nyingi mnyororo ni mnene na upinde ni mwembamba, na mwizi hana sababu ya kuhangaika na kilicho kinene.

La tatu ni kufuli la umbo la U, nondo iliyokunjwa yenye kitasa chini. Lina historia ya kuchekesha. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, kampuni ya Marekani iitwayo Kryptonite ilikuwa ikitafuta wateja, na mwaka 1972 baiskeli ilifungwa kwa kufuli lake kwenye nguzo ya alama huko Greenwich Village, New York, ikaachwa hapo siku 30 mchana na usiku. Mwezi ulipokwisha, kila kilichoweza kufunguliwa kwenye baiskeli ile kilikuwa kimekwenda. Fremu na kufuli vilikuwa palepale. Kampuni ikatangaza ushindi, na kwa upande wake ilikuwa na haki. Mwenye baiskeli angekuwa na mtazamo mwingine.

Kisha ikaja 2004. Makufuli mengi ya aina hiyo yalikuwa na tundu la duara linaloingia ufunguo wa bomba. Mwezi Septemba mwaka huo ilidhihirika hadharani kwamba bomba la kalamu ya Bic, ile ile ya mwanafunzi, likisukumwa ndani ya tundu na kuzungushwa kidogo, plastiki yake hujifinyanga kufuata pini za ndani na kufuli linafunguka. Kampuni ililazimika kuwabadilishia wateja makufuli zaidi ya 300,000. Chuma kilichowashinda wezi wa New York kwa mwezi mzima kikashindwa na kalamu. Ukikuta leo kufuli la zamani la tundu la duara likiuzwa kwa bei ya kutupa mnadani, sababu unaijua.

Siku hizi tishio limehamia kwenye grinda ya betri. Nondo ya milimita 16 iliyokomazwa humshinda mtu mwenye mkasi wa mkono hata uwe mrefu kiasi gani, lakini grinda huikata kwa dakika moja au mbili. Viwanda vya Ulaya vimejibu kwa kuyavika makufuli ganda maalumu linalozila diski za grinda moja baada ya nyingine. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na bei yake inaweza kuipita bei ya Phoenix mpya. Uingereza kuna taasisi iitwayo Sold Secure, inayoyajaribu makufuli kwa zana za wezi na kuyapa daraja la shaba, fedha, dhahabu na almasi. Ukimwagiza ndugu akuletee kufuli kutoka huko, mwambie aangalie daraja, asiangalie rangi.

Grinda ina udhaifu mmoja: inapiga kelele na kutoa cheche. Huko Ulaya jambo hilo humuumbua mwizi. Kwetu, ambako kila mtaa una kijana anayechomelea mageti kando ya barabara, mlio wa grinda haumgeuzi mtu shingo. Usiegeshe baiskeli yako karibu na karakana ya mageti, hata kama mafundi wake ni malaika.

Namna ya kufunga ina uzito sawa na kufuli lenyewe. Fremu lazima iwemo. Anayefunga gurudumu la mbele peke yake kwenye nguzo atarudi akute gurudumu la mbele peke yake kwenye nguzo. Bora kufuli lipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo ghali zaidi na ndilo gumu kununua upya. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008 na ambaye mafundi wa nchi nyingi humtaja kama mwalimu wao, alikuwa na fundisho lililowashangaza watu: kufuli dogo la U likilizunguka gurudumu la nyuma kwenye sehemu iliyo ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, pamoja na nguzo, halihitaji kuigusa fremu yenyewe. Gurudumu haliwezi kuchomoka katika ile pembetatu bila rimu kukatwa, na rimu ikiwa na tairi iliyojaa upepo ni shughuli ndefu. Wapo waliobishana naye. Mimi nakubaliana naye kwa kufuli dogo ambalo halitoshi kuzunguka kila kitu. Ukiwa na mnyororo mrefu, pitisha kote.

Kufuli lisiachiwe nafasi. Pengo kati ya baiskeli na nguzo ni mahali pa kuingiza jeki au bomba la kunyongea. Wala lisigusane na ardhi, kwa maana likilala kwenye saruji mwizi anapata fuawe ya kupigia nyundo, na mkasi wa nondo unapata mahali pa kukanyagia mkono mmoja. Liweke juu, limebana, tundu la ufunguo likitazama chini, ambako pia mvua na mchanga haviingii.

Kisha vile vidogo. Kengele, pampu, taa, tandiko: hivi huibwa na mtoto anayepita, tena bila kujihesabu kuwa mwizi. Kinachotoka kwa mkono, ondoka nacho. Baiskeli za kisasa zenye gia, ambazo zinazidi kuingia kama mitumba kutoka Ulaya na Japani, zina magurudumu yanayofunguliwa kwa kuvuta mkono mdogo kwenye ekseli, bila spana. Kifaa hicho huhusishwa na Tullio Campagnolo, mwendesha mashindano wa Italia. Inasimuliwa kwamba aliwahi kukwama kwenye mlima wenye theluji, vidole vimekufa ganzi, akashindwa kufungua nati za gurudumu lake. Aliwasaidia wanamashindano wote waliomfuata, na akawasaidia wezi vilevile. Mpelekee fundi akutolee mikono hiyo na kukuwekea ekseli ya nati. Ni kazi ndogo, na nati angalau humlazimisha mtu atembee na spana.

Hapo chuma kimetosha. Tuje kwenye macho.

Katika filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948 kuhusu wezi wa baiskeli mjini Rome, Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya nyumbani ili kuigomboa. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi, baiskeli imeegemezwa ukutani hatua chache kutoka kwake, mtaa umejaa watu. Kijana anairukia na kukimbia nayo. Antonio anamfukuzia, na hapo anatokea mpita njia msamaria anayemwonyesha alikokimbilia mwizi. Anamwonyesha njia siyo. Ni mwenzake. Anayedhani baiskeli iko salama kwa sababu mtaa umejaa watu aitazame sehemu hiyo ya filamu mara mbili.

Na kama filamu haitoshi, kuna aliyejaribu kweli. Mwaka 2012 mtengenezaji filamu Casey Neistat alijirekodi akiiba baiskeli yake mwenyewe kwenye mitaa ya New York, kwa msumeno, kwa mkasi mkubwa wa vyuma, mwishowe kwa grinda. Watu walipita. Wengine walitazama na kuendelea na safari zao. Ilibidi afike na grinda katikati ya Union Square, mchana kweupe, ndipo polisi wakamjia. Macho yalikuwepo kwa maelfu. Hayakuwa ya mtu anayejua baiskeli ile ni ya nani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walikuja na jambo la ajabu zaidi. Melissa Bateson, Daniel Nettle na mwenzao walibandika juu ya baadhi ya maegesho ya baiskeli chuoni mabango yenye picha ya macho makubwa na maneno ya kuwaambia wezi kwamba wanatazamwa. Hakukuwa na mlinzi aliyeongezwa, ni karatasi tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wizi ulipungua kwa asilimia 62 penye mabango. Kwenye maegesho mengine ya chuo hichohicho, yasiyo na mabango, uliongezeka kwa asilimia 65. Mwizi hakutubu, alivuka barabara. Sipendi hitimisho linalotokana na takwimu hizo, lakini ni la kweli: sehemu kubwa ya usalama wa baiskeli yako ni kwamba ya jirani imefungwa vibaya zaidi.

Kinachofaa, basi, ni macho yanayokujua. Mtu aliyesimama Mji Mkongwe wa Zanzibar anaelewa bila kuambiwa. Wazee wamekaa barazani, baiskeli zimeegemea ukuta wa jirani, nyingine bila kufuli, na kijana mgeni akiishika usukani ataulizwa kabla hajapandisha mguu: ya nani hiyo? Baraza haimtambui mwizi kwa sura. Inaitambua baiskeli, na inajua kwamba huyu aliyeishika siye.

Mahali pasipo baraza, unaitengeneza. Hapa ndipo ile habari ya kuomba inaporudi. Unamfuata mama ntilie aliye karibu na benki. "Shikamoo mama. Naomba niegeshe hapa kwako, naingia benki mara moja." "Marahaba mwanangu, weka tu, funga vizuri lakini." Hajakuahidi kitu. Hata hivyo ameiona sura yako, ameiona baiskeli, na mtu mwingine akija kuifungua atakuwa na swali mdomoni. Ukinunua chai wakati wa kutoka, kesho nafasi yako ipo. Muuza magazeti, fundi viatu, mlinzi wa getini, wote ni wa namna hiyo. Wanakaa mahali pamoja kutwa, nao hawana kingine cha kutazama isipokuwa barabara. Bora kuliko wote ni fundi baiskeli chini ya mti wake. Yeye huzitambua baiskeli kwa fremu na kwa namna zilivyopindwa madigadi, kama mchungaji anavyowatambua ng'ombe.

Usimwombe, hata hivyo, mtu aliyesimama tu. Aliyesimama hana ofisi, na ukirudi huna pa kumtafutia.

Kwenye masoko makubwa, hospitali na viwanja vya mpira katika miji mingi kuna mlinzi wa baiskeli anayetoza shilingi chache. Anakufungia kibati chenye namba kwenye usukani na kukupa pacha wake mkononi, na baiskeli haitoki mpaka vibati vikutane. Watu huuonea uchungu ujira huo. Mimi naona hakuna bima ya bei ndogo kama hiyo nchini. Muulize mambo mawili tu: anafunga saa ngapi, na akifunga, baiskeli ambazo hazijachukuliwa anazipeleka wapi. Jibu la pili likiwa na kigugumizi, tafuta pengine.

Kuna jambo mwizi analipenda kuliko kufuli bovu, nalo ni kujua utakaporudi. Ijumaa saa saba mchana, baiskeli zimepangana nje ya msikiti na wenyewe wote wako ndani, wamegeukia kibla, na hakuna atakayekatiza sala. Jumapili kanisani ni hivyohivyo. Mechi ya watani wa jadi ikianza, mwizi ana dakika 45 za kipindi cha kwanza zilizotangazwa redioni. Mfanyakazi anayeegesha palepale saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, amempa mwizi ratiba. Kwenye sehemu kama hizo, mtu mmoja abaki nje kwa zamu. Misikiti kadhaa hufanya hivyo kwa viatu. Baiskeli inastahili angalau heshima ya viatu.

Na zipo baiskeli zinazokwenda bila kufuli kuguswa. "Kaka, nipe mara moja nifike hapo kona." Huyo unamfahamu nusunusu, ni rafiki wa rafiki. Anaondoka akipiga kengele, na hiyo kona haifiki mwisho. Kwa waendesha baiskeli za abiria, kazi iliyoanzia Busia mpakani mwa Kenya na Uganda ikazaa neno bodaboda, mtego wake ni mteja anayeomba aendeshe yeye, ukae nyuma, au anayekutuma dukani ukamletee chenji huku yeye "akishikilia" baiskeli. Wizi wa namna hii hauna kufuli la kuutibu. Unahitaji mtu awe na ujasiri wa kusema hapana kwa mtu anayemwita kaka, na kwetu hilo ni gumu kuliko kukata nondo.

Tuje kwenye karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari, wanasema, na baiskeli ni mali ambayo karibu hakuna anayeiandika. Ipindue baiskeli yako leo. Chini ya kitovu, pale ekseli ya pedali inapopita, au kwenye bomba la tandiko, kuna namba iliyopigwa kwenye chuma cha fremu. Iandike. Ipige picha kwa simu, upige na baiskeli nzima kutoka upande wa mnyororo, kisha mtumie mtu picha hizo, kwa sababu simu nayo huibwa. Risiti ya dukani iwekwe panapowekwa vyeti vya watoto. Ukinunua baiskeli iliyotumika, andikishaneni mkataba wa mauziano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, namba ya fremu ikiwemo. Muuzaji anayekataa kufika kwa mwenyekiti amekwambia habari yote unayohitaji kuhusu baiskeli yake.

Japani walilifanya jambo hili kuwa sheria. Tangu 1994 kila mwenye baiskeli anatakiwa kuiandikisha inaponunuliwa; inabandikwa stika yenye namba, na polisi wa mtaani akimtilia mtu shaka humsimamisha na kuisoma namba kwenye redio. Wazee wetu watasema hawaoni jipya hapo. Wanakikumbuka kibati cha kodi ya baiskeli, na wanawakumbuka zaidi wakusanyaji wake, waliokuwa wakijificha vichochoroni kuwavizia wasiolipa. Kodi ile ilichukiwa kwa haki, kwa kuwa ilimkamua mtu mwenye baiskeli moja na kumwacha mwenye magari. Ilipofutwa watu walishangilia. Hakuna aliyekumbuka kwamba kibati, pamoja na ubaya wake, kiliipa baiskeli jina serikalini, na hakuna kilichowekwa mahali pake.

Basi ipe jina mwenyewe. Mpelekee mchomeleaji au sonara akuchoree herufi zako kwenye fremu, mahali pawili, pamojawapo pakiwa pa siri. Paka rangi ambayo hakuna mwingine mjini anayeitaka. Wenye baiskeli za abiria, wanaoandika majina na misemo kwenye madigadi na kufunga mapambo kwenye usukani, hulinda mali yao bila kukusudia: baiskeli inayojulikana stendi nzima haiuziki katika mji huo. Mwizi anataka baiskeli isiyo na sura. Rangi mpya na stika za dukani zinazong'aa ni mwaliko. Tope na mabaka ya rangi ya mlango ni kinga. Mapenzi ya mtu kwa baiskeli yake humzuia kufanya hivyo, nami siwezi kumlaumu.

Ikiibwa pamoja na yote hayo, saa za mwanzo ndizo zenye maana. Nenda polisi na namba ya fremu, uchukue namba ya taarifa, yaani RB, au OB kama uko Kenya. Bila namba utaandikiwa "baiskeli aina ya Phoenix, rangi nyeusi", na nyeusi ni maelfu. Kisha wazungukie mafundi baiskeli wote wa mji, uwaachie picha na namba ya simu, kwa kuwa baiskeli ya wizi hupelekwa kubadilishwa usukani, tandiko na magurudumu kabla ya kuuzwa, na fundi mwaminifu ataijua fremu. Uliza siku za gulio la vijiji vya jirani. Inayoibwa mjini Jumatano haiuzwi mjini Alhamisi.

Ukiiona, jizuie. Kelele ya "mwizi!" katika mtaa wetu humkusanyia mtu mawe na matairi ndani ya dakika chache, na aliyeikalia baiskeli hiyo huenda ni mkulima aliyeinunua jana kwa fedha ya mahindi. Hata kama ndiye aliyeiba, hakuna baiskeli yenye thamani ya mtu kuchomwa moto, na damu hiyo itakuwa juu yako uliyepaza sauti. Muulize bei kama mnunuzi. Inama uangalie tairi, usome namba ya chini. Ikilingana, mwachie mwenzako hapo aendelee kupatana naye, wewe ukamwite polisi na RB yako mkononi. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na aliyenunua kwa nia njema atakuwa na hamu kubwa kuliko wewe ya kueleza alikoipata.

Ukishakabidhiwa, pitia kwa fundi kabla ya kuipeleka nyumbani. Aangalie kama fremu haikupinda ilipong'olewa, abadilishe kilichobadilishwa, na aling'oe lile kufuli la duara la nyuma aweke jingine. Funguo zake zilikuwa mbili tangu dukani, na mmoja hujui uko kwa nani.